Asali ya Injini

Katika mtaa wa magereji wa Zarqa hakuna mteja aliyepokewa kwa heshima kama Abu Ghalib. Mercedes yake nyeupe ya mwaka themanini na mbili ikikata kona tu, mafundi wanaweka spana chini. Hagop, yule Muarmenia wa umeme wa magari, anafuta mikono mbiombio. Zuhdi wa matairi anabeba kiti chenye mto. Wanakusanyika kwenye gereji ya Fayadhi na nyuso zimekazwa kama waliofika msibani, kwa sababu kulikuwa na sharti: atakayecheka kwanza anawanunulia wote chai.

Abu Ghalib alikuwa sajini mstaafu wa stoo ya jeshi, mrefu, masharubu ameyapaka rangi nyeusi, na koti lake halikosi pasi. Kila baada ya miezi mitatu alileta oili mpya, kichungi kipya na kopo la asali. Si asali ya nyuki. Ni dawa ya kuchanganya na oili ya injini, nzito, rangi ya dhahabu, kopo lake lina picha ya kipanga, na watu wa Zarqa waliipa jina hilo kwa jinsi inavyovutika ukiimimina. Alilikabidhi kopo kwa mikono miwili.

“Yote, Fayadhi. Usinibakizie kitu.”

“Mpaka tone la mwisho, Abu Ghalib. Kaa hapa karibu na moto, baridi ya leo si mchezo.”

Mzee anakaa, mgongo kwa gari, uso kwa jiko. Fayadhi anainamia injini, anamimina oili, anafunga mfuniko, kisha anazunguka nyuma ya ukuta na kopo lake na kulimwaga lote ndani ya tangi la jiko. Jiko lile la bati lilikuwa likila oili chafu, kama majiko yote ya magereji wakati wa baridi, na asali ya Abu Ghalib lilikuwa likiipenda kupita kiasi. Moto unaruka, bomba linaunguruma.

“Jiko lako leo lina nguvu,” anasema mzee akinyoosha viganja.

“Ni baraka za kuja kwako.”

Hapo Zuhdi anatoka mbio kwenda kuchekea nyuma ya matairi yake.

Mambo hayo yalianza kwa hasira. Siku ya kwanza alipofika, Abu Ghalib alimfokea Fayadhi mbele ya wateja watatu: nyinyi mafundi ni wezi, mnaua magari ya watu makusudi, dawa kama hii hamtaki kuisikia kwa sababu itawafungia kazi. Fayadhi alilichukua kopo akalimwaga kwenye jiko kwa kisirani tu, akisema moyoni, haya tuone. Baada ya miezi mitatu mzee alirudi ameng’aa kama bwana harusi. “Mmeona? Gari limekuwa jipya! Asali hiyo!” Mtaa mzima ulivunjika mbavu. Kuanzia hapo hasira ikawa mchezo, mchezo ukawa desturi, na miaka kumi na mmoja ikapita. Wakati wa joto Fayadhi aliyaweka makopo rafuni, akisubiri baridi. Na Mercedes ilikwenda vizuri, kwa nini isiende? Oili safi na kichungi kipya kila miezi mitatu, injini inataka nini zaidi? Walimpaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akazunguka nayo msikitini, kwa kinyozi na kwenye matanga, akiwahubiria watu habari za asali. Sitawapamba: walikuwa wakatili, na ukatili huo uliwanogea kwa sababu waliona haumuumizi mtu.

Kisha Kutaiba akaoa.

Kutaiba alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Fayadhi. Alilelewa nyumbani kwa Fayadhi tangu akiwa na miaka tisa, na Fayadhi, ambaye hakujaliwa mtoto, alimpenda bila kumwambia, kama wanaume wa pale wanavyopenda. Kijana aliendesha teksi yake mwenyewe, moja ya yale magari ya haibridi yenye kupokezana betri na petroli, na kwa gari hilo ndipo alipothubutu kwenda kumposa Hiyam, binti wa mwisho wa Abu Ghalib. Hiyam alikuwa na maneno makali na kicheko cha karibu. Wale wawili walipendana hadharani, jambo lililowaudhi wazee wa pande zote mbili. Ijumaa asubuhi Kutaiba alikuwa akibadilisha oili mwenyewe uani, amelala chini ya gari, na Hiyam amechuchumaa pembeni, ameshika beseni la kukingia oili chafu, akimtania kwamba miguu yake inanuka kuliko hiyo oili.

Siku moja ya Januari Abu Ghalib aliingia gerejini na makopo mawili, na mkwe wake nyuma yake.

“Moja langu, moja la huyu,” alisema. “Nimemwambia, ukitaka gari lako lidumu kama langu, fuata ninavyofanya mimi. Kila ukibadilisha oili, kopo moja. Bila kuruka.”

Kutaiba aliligeuza kopo mkononi. Hakuwa mjinga. “Ami, injini yangu inatumia oili nyepesi kama maji. Hii si itakuwa nzito?” Akamgeukia Fayadhi. “Mjomba, wewe ndiye fundi. Inafaa, haifai?”

Hagop alikuwa anajiuma mdomo. Zuhdi alikuwa ameshaanza kutetemeka mabega. Abu Ghalib, viganja vimekabili jiko, aligeuza shingo kusubiri jibu, na moto uliouota uso wake ulikuwa wa kopo lake la Oktoba.

Fayadhi alijua vizuri. Injini ile mpya ina mirija myembamba kama sindano, na uji kama ule ungeiziba. Alichotakiwa kusema ni neno moja. Lakini ukisema haifai, mzee atauliza mbona kwangu inafaa, na hapo mchezo wa miaka kumi na mmoja umekwisha, tena mbele ya watu ambao walikuwa wanamtazama yeye kama mchezaji wa mpira aliyebaki na kipa peke yake.

“Si unaiona mwenyewe Mercedes ya baba mkwe wako?” alisema. “Nikuambie nini zaidi?”

Zuhdi alitoka mbio. Siku hiyo aliwanunulia chai mpaka watu wa gereji ya jirani.

Fayadhi alijiambia kwamba atamwita kijana pembeni na kumpa ukweli. Hakumwita siku hiyo. Wiki iliyofuata Kutaiba alipita kumsalimu, na neno likafika mdomoni, likarudi. Angemwambia Kutaiba, Kutaiba angemwambia Hiyam, Hiyam angemwambia baba yake, na baridi bado ilikuwa ndefu. Alijifariji kwamba kopo moja haliui gari. Ningependa kusema kulikuwa na sababu nzuri zaidi ya hiyo, ila haikuwapo. Alikuwa na kichekesho kimoja tu maishani, akaona uchungu kukipoteza.

Basi kila baada ya wiki sita, kwa sababu teksi hukimbia sana, Kutaiba alimwaga oili, Hiyam akashika beseni, na kopo la kipanga likamiminwa mpaka tone la mwisho. Mara tano. Mwezi wa nane, kwenye mlima mkali wa kutoka Bahari ya Chumvi, na abiria wanne ndani, taa nyekundu ya oili iliwaka. Kabla hajapata pa kuegesha injini ikagonga mara tatu, ikanoki, ikafa.

Fayadhi aliifungua mwenyewe. Aliposhusha sahani ya chini alikuta chujio limejaa uji mweusi kama lami ya barabarani, na juu, mahali ambapo oili ilipaswa kufika, pakavu, chuma kimesagana na chuma. Injini ile haikuwa ya kutengenezwa. Ilikuwa ya kuuzwa kwa kilo.

“Ni asali,” alisema.

Kutaiba alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. “Asali? Si niliuliza? Si hapa hapa nilikuuliza, mjomba?”

“Injini yake mzee ni kuukuu. Za kizamani zinavumilia.” Hayo yalikuwa kweli, na kwa sababu yalikuwa kweli Fayadhi alijificha nyuma yake. “Nilidhani na yako itavumilia.”

“Ulidhani,” alisema Kutaiba. Alikunja kitambaa vizuri, akakiweka juu ya meza ya kazi, akaenda zake kwa miguu.

Ijumaa hiyo Kutaiba na Hiyam walialikwa mansaf nyumbani kwa Abu Ghalib, pamoja na wageni wa heshima: maaskari wenzake wawili wa zamani na imamu wa mtaa. Sinia la wali na nyama ya kondoo lilikuwa katikati, mchuzi wa mtindi unamiminwa, na mzee akaanza mahubiri yake ya asali kama kawaida. Kutaiba alivumilia matonge matatu.

“Ami, hiyo asali yako ndiyo iliyoua gari langu.”

“Asali haiui gari. Uvivu ndio unaua. Sema ukweli, ulisahau kubadilisha oili.”

“Nilibadilisha. Kila baada ya wiki sita.”

“Unanifanya mimi mwongo? Kwenye sinia langu?”

“Mimi nasema kilichotokea.”

Mzee alinawa mikono kabla ya wageni, jambo ambalo halifanywi, akasimama. “Binti yangu analala hapa leo. Wewe nenda ukatafute oili uliyoisahau.”

Hiyam alitoka chumba cha wanawake bila kuitwa. Alimwambia baba yake kwamba oili ilibadilishwa, kwamba beseni alilishika yeye kwa mikono yake miwili. Baba akasema mke atasema lolote kumwokoa mume. Hapo Hiyam aliuchukua msahafu kutoka kabatini, akaweka mkono juu yake mbele ya imamu na maaskari wote, akaapa. Abu Ghalib alikasirika zaidi, kwa sababu sasa kulikuwa na wawili wanaompinga. Mlango wa mbele ukafungwa, Hiyam akabaki ndani.

Wiki tatu zilipita. Kutaiba alipiga simu, mzee akazizima simu zote za nyumbani. Ilibaki njia moja, njia ya wazee: kupeleka jaha, yaani ujumbe wa watu wazima wenye majina kwenda kumwomba mwenye nyumba arudishe kilichoshikiliwa. Haji Mithqal alikubali kuuongoza. Ni mtu aliyekwishazima magomvi ya damu kwa maneno kumi tu, na sharti lake lilikuwa moja. Alimweka Kutaiba mbele yake akamuuliza, ulibadilisha oili, hukubadilisha? Kutaiba akasema wallahi nilibadilisha. “Vizuri,” akasema Haji. “Mimi sibebi uongo mlangoni kwa mtu.”

Walikwenda Ijumaa baada ya sala ya alasiri, wanaume kumi na wanane kwa majoho yao, Fayadhi akiwa nyuma pamoja na Hagop na Zuhdi. Viti vilipangwa uani, chini ya mzabibu. Mercedes ilikuwa imeegeshwa pembeni, inang’aa. Ghorofani dirisha moja lilikuwa wazi kidogo, na kila mtu alijua nani yuko nyuma yake.

Kahawa chungu ikamiminwa, kikombe kikawekwa mbele ya Haji Mithqal. Hakukigusa. Ndivyo inavyokwenda: mkuu wa jaha hanywi mpaka mwenye nyumba aseme kunyweni kahawa yenu, na akisema hivyo ombi limekubaliwa. Kahawa isiponyweka, ni aibu ambayo watoto wa watoto watasimuliwa.

“Tumekuja kwa ajili ya binti yetu Hiyam,” alisema Haji. “Arudi kwa mumewe. Gari ni bati, Abu Ghalib. Nyumba ya watu haivunjwi kwa ajili ya bati.”

“Si bati, Haji. Ni neno. Huyu kijana amesema asali iliua gari. Mimi naitumia miaka kumi na mmoja, kila miezi mitatu, sijaruka hata mara moja. Aliyekuwa akinimiminia ni mjomba wake mwenyewe, yule pale. Hebu na aape. Fayadhi! Ulinimiminia, hukunimiminia? Mercedes yangu iliwahi kukohoa?”

Vichwa kumi na saba viligeuka. Fayadhi aliona uso wa Kutaiba, umekonda wiki tatu hizo mpaka umefanana na wa dada yake siku za mwisho. Alipiga moyo konde.

“Sikumimina,” alisema.

“Sema kwa sauti.”

“Sikumimina hata tone. Hata siku moja. Gari lako, Abu Ghalib, halijawahi kuonja asali.”

“Sasa ilikuwa inakwenda wapi?”

“Kwenye jiko.”

Pua ya Zuhdi ikatoa sauti. Jamani, alijitahidi, lakini miaka kumi na mmoja ya kukimbilia nyuma ya matairi ilikuwa imemzoesha vibaya. Akafuatia Hagop, akijifanya anakohoa. Mzee mmoja wa mbele, ambaye hakujua lolote, alitazama masharubu meusi ya Abu Ghalib, akawaza moto wa jiko, akawaza viganja vikiuota, akacheka naye. Kikapita kicheko kifupi kwenye viti, kama upepo kwenye majani makavu, na Haji Mithqal akakikata kwa jicho. Lakini Abu Ghalib alikuwa ameshakisikia. Alisikia humo kila kikombe cha chai alichokinywa katika gereji ile.

“Nilikuwa naota moto wangu mwenyewe,” alisema polepole. “Na mnaniwekea mto.”

Aliingia ndani, na watu wakadhani ameondoka. Alirudi na kopo la kipanga.

“Basi tuone. Haijawahi kuonja, leo itaonja. Mbele yenu wote. Ikifa kama lile la kijana, binti namtoa mimi mwenyewe na sanduku lake nalibeba begani.”

“Haitakufa,” Fayadhi alisema. “Abu Ghalib, sikiliza, yako ni injini kuukuu, imelika, ina nafasi ndani, kitu kizito kinakaa. Ya Kutaiba ni nyembamba, ndiyo maana...”

“Mlimsikia? Alisema inaua. Sasa anasema haiui.”

“Inaua ile! Hii haiui!”

Jinsi alivyokuwa anajieleza ndivyo alivyosikika kama mwizi aliyeshikwa. Wazee wale walijua kondoo, ardhi na damu, hawakujua mirija ya oili. Walijua kwamba mtu huyu amekiri kudanganya miaka kumi na mmoja, na sasa anataka aaminiwe dakika hii. Abu Ghalib alifunua boneti, akafungua mfuniko, akamimina kopo lote mwenyewe. Asali ilivutika polepole ikimeta juani. Akawasha gari.

Mercedes ile ilikuwa na mlio wake mdogo juu ya injini, tik tik tik, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Mtaa mzima uliuzoea. Walisimama wakaisikiliza. Dakika tano, tik tik. Dakika kumi, injini ikapata moto, na mlio ukawa wa mbali. Ikafika robo saa, na uani pakabaki mngurumo laini, mzito, wa gari jipya. Tik tik haikuwapo tena.

Abu Ghalib alizima. Macho yake yalikuwa na machozi, na yalikuwa ya furaha na ya uchungu pamoja.

“Miaka kumi na mmoja,” alimwambia Fayadhi. “Miaka kumi na mmoja umekuwa ukiinyima.”

Fayadhi alikuwa fundi, aliujua uziwi ule wa oili nzito. Asali haikuponya chochote, ilifunika tu. Lakini nani angemsikiliza?

Mzee alifunga boneti taratibu, akamgeukia mkwe wake. Sauti yake haikuwa ya ukali. “Kutaiba, mwanangu. Umesikia kwa masikio yako. Nakuuliza mbele ya wazee, mara ya mwisho. Ulibadilisha oili, au hukubadilisha?”

Na hapa Fayadhi alifanya kosa lake la pili, kubwa kuliko la kwanza. Aliisikia sauti ile laini akadhani ni ya mtu anayetafuta pa kushukia. Mpe ushindi wake, aliwaza. Mpe neno moja avimbe kichwa, aseme kunyweni kahawa, tuondoke na mtoto wa watu. Akasogea nyuma ya Kutaiba, akamfinya mkono.

“Sema hukubadilisha,” alimnong’oneza.

“Mjomba, nilibadilisha.”

“Najua. Mimi namjua huyu, anataka kubembelezwa tu. Sema, umchukue mkeo.”

Kutaiba alimtazama mtu aliyemlea. Hata baada ya yote, bado alikuwa mjomba wake, na hakuwa na mwingine wa kumtegemea.

“Sikubadilisha, ami,” alisema. “Nilisahau. Unisamehe.”

Aliyesimama si Abu Ghalib. Ni Haji Mithqal. Alisimama taratibu, akakusanya joho lake begani, akamwangalia kijana kama anavyotazamwa mtu asiyejulikana.

“Uliniapia,” alisema. “Nimewaleta wanaume kumi na saba juu ya kiapo chako.”

“Haji, subiri,” Fayadhi aliruka mbele. “Mimi nilimwambia aseme! Alibadilisha kweli, ni mimi...”

“Wewe nyamaza. Wewe leo umeshasema ukweli mara ngapi? Nimeshindwa kuhesabu.”

Ghorofani dirisha lilisukumwa likafunguka lote, likagonga ukuta. Hiyam alisimama pale kichwa wazi, mbele ya wanaume wote wale, hakujali.

“Beseni nilishika mimi!” alipiga kelele. “Niliapa kwenye msahafu, Kutaiba! Mbele ya imamu niliapa! Sasa mimi ni nani? Niambie, mimi nimekuwa nani?”

“Hiyam, nimesema hivyo ili urudi.”

“Wiki tatu nimekaa chumbani humu, sili na baba, sisemi naye, nasema mume wangu si mwongo. Na wewe kwa neno moja umenifanya mimi niwe mwongo mbele ya Mungu.” Sauti yake ikashuka, na kushuka huko kulikuwa kubaya zaidi. “Baba. Waambie waende.”

Akavuta dirisha mwenyewe. Walisikia komeo linaingia.

Abu Ghalib hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alitazama dirisha, akatazama gari lake, kisha akakichukua kikombe cha Haji Mithqal, kahawa yake imeshapoa, akaimwaga chini ya mzabibu. Wanaume kumi na wanane walitoka mmoja mmoja bila kuagana. Njiani hakuna aliyetembea karibu na Fayadhi, hata Zuhdi.

Talaka ilitoka kabla ya baridi. Kutaiba aliuza bati la gari kwa kilo akaenda Akaba kuendesha lori la mtu, na hakuaga.

Januari, siku ya Jumamosi, Mercedes nyeupe ilikata kona ya mtaa wa magereji. Kulikuwa na mafundi ishirini mtaani, na mzee angeweza kwenda kwa yeyote, lakini alikuja pale pale. Hakuna aliyeweka spana chini. Hagop alijifanya haoni. Abu Ghalib alishuka na oili, kichungi, na kopo la kipanga, akakataa kiti, akasimama ubavuni mwa Fayadhi, tochi mkononi, akaimulika injini ingawa ilikuwa mchana.

“Yote,” alisema. “Nione.”

Fayadhi alimimina. Tone moja liliangukia chuma cha moto, likatoa moshi.

“Na tone la mwisho,” alisema Abu Ghalib. Akangoja mpaka Fayadhi alipokuwa ameshika kopo kichwa chini na hakuna kilichokuwa kikitoka tena.

“Hiyam hajambo?” Fayadhi aliuliza.

“Fungua kichungi.”

Alifungua kichungi, akaweka kipya, akawasha gari. Lililia vizuri sana. Mzee alilisikiliza kwa muda mrefu, akalipa, akapanda, na kabla ya kuondoka alishusha kioo.

“Nitakuja tena baada ya miezi mitatu,” alisema, “na baada ya mitatu mingine. Mungu akinipa uhai, miaka kumi na mmoja.”

Jiko siku hiyo lilikuwa na oili chafu tupu, na moto wake ulikuwa mdogo. Fayadhi alivuta kiti chenye mto, akakaa mwenyewe.